Masikio ya Baba yalibaki kwenye gari la moshi

Kuna jibu moja ambalo wazee wengi hupewa majumbani mwetu, nalo ni "si kitu". Wajukuu wamecheka, mzee ameuliza, "Mmesemaje?" na mmoja wao anajibu, "Si kitu, Babu." Kisha mazungumzo yanaendelea bila yeye. Hakuna aliyemtukana wala kumnyima chakula. Lakini akijibiwa hivyo mara kumi kwa siku, mzee huacha kuuliza. Naye akishaacha kuuliza, haipiti muda watu nao huacha kumuuliza yeye.

Baba yangu ana miaka 85. Sikio lake la kushoto karibu halisikii kabisa. La kulia linasikia sauti lakini haliyashiki maneno. Tatizo hili hakulipata uzeeni. Alilipata kazini, akiwa kijana mwenye nguvu zake, kwenye injini za mvuke zilizokuwa zikivuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Ninaandika habari zake kwa sababu mwaka jana familia yetu ilikaribia kumwamulia jambo kubwa la maisha yake bila kumsikiliza, na kwa sababu najua nyumba nyingi ziko njiani kufanya hivyo hivyo.

Kazi iliyokula masikio

Baba aliingia relini akiwa na miaka 19, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa bado shirika moja. Kazi yake ya kwanza haikuwa kuendesha wala kuchochea moto. Ilikuwa kusugua. Vijana walipewa matambara na mafuta, wakapanda juu ya injini zilizorudi kutoka safari, wakazisafisha hadi zing'ae. Aliyesugua vizuri kwa miaka kadhaa, na akafaulu mitihani, alipandishwa kuwa mtia moto, au fayamani kama walivyoitwa. Baada ya hapo, kwa mwenye bahati, udereva.

Injini alizozipenda ni zile za daraja la 59. Zilikuwa 34 tu, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa zaidi ya mita 31. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna reli nyingine duniani yenye upana wa mita moja iliyopata injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda hizo.

Nguvu hiyo haikuwa ya kujionyesha. Reli inaanzia Mombasa, karibu sawa na bahari, na kilomita 530 baadaye inafika Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Nayo haipandi kwa utaratibu kama ngazi. Ikitoka kisiwani inaanza kuupanda mlima wa Mazeras kabla injini haijapata joto vizuri. Inapita nyika kavu ya Taru, inafika Voi, inateremka kwenda mto Tsavo, kisha inapanda tena kuelekea Makindu na Sultan Hamud. Mahali pakali zaidi, njia hupanda mita moja na nusu kwa kila mita mia moja. Kwa gari dogo hicho si kilima. Kwa treni ya mizigo ya tani 1,200, chuma kikikanyaga chuma, ni mlima kamili.

Ili kuuweza mlima huo, injini hizi ziliundwa kwa namna ya pekee. Fikiria watu wawili waliobeba mgonjwa kwenye machela. Yule wa mbele ni injini kamili, ana pistoni zake na magurudumu yake. Yule wa nyuma ni injini kamili vilevile. Mgonjwa aliyelala katikati ni boila, tangi kubwa la kuchemshia maji, ambalo linawalisha mvuke wote wawili. Kwa kuwa wabebaji wametengana, uzito husambaa juu ya reli ndefu na treni huweza kupinda kwenye kona. Muundo huo ulibuniwa na Mwingereza aliyeitwa Herbert William Garratt, aliyeupatia hataza mwaka 1907, na ndiyo maana injini za aina hiyo huitwa Garratt duniani kote.

Sasa mweke kijana wa miaka 25 katika chumba cha dereva cha mashine kama hiyo. Nyuma ya mlango wa moto kuna mafuta mazito yanayopulizwa kwa mvuke na kuwaka kwa ngurumo isiyokoma. Pistoni zinapiga mbele na nyuma. Mvuke unatoka kwenye bomba la moshi kwa vishindo. Madirisha yako wazi kwa sababu ya joto. Hakuna aliyevaa kitu cha kuziba masikio. Safari ilikuwa ndefu kiasi kwamba kila treni ilibeba wafanyakazi wa zamu mbili. Wawili walifanya kazi, wenzao walilala katika behewa lao nyuma ya injini, kisha wakapokezana. Hata usingizini kelele iliwafuata.

Baba alifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya kumi. Dizeli zilikuwa zimeanza kuingia miaka ya 1960, na ilipofika 1980 injini za daraja la 59 zilikuwa zimestaafishwa. Naye akahamia dizeli hadi alipostaafu. Lakini masikio hayakurudi.

Mama alikuwa mkalimani

Tulikulia katika nyumba za reli jijini Nairobi, watoto watano. Baba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Akiwa safarini Mama ndiye aliyekuwa kila kitu. Alijua kuzitoa nguo zake madoa ya mafuta kwa majivu na sabuni ya mche. Alijua pia kutuzuia tusipige kelele mchana Baba anapolala, ingawa baadaye nilitambua kwamba tungeweza kupiga ngoma mlangoni asiamke.

Baba hakuwa msemaji. Tulidhani ndiyo tabia yake. Alikaa kimya wageni wakizungumza, akatabasamu wenzake walipocheka. Ukimwita kwa nyuma hakugeuka. Walimu wetu walipokuja nyumbani, Mama alikaa upande wake wa kulia, na kila baada ya sentensi kadhaa alimwinamia na kurudia maneno kwa sauti ya kawaida, karibu na sikio. Aliifanya kazi hiyo kwa wepesi hivi kwamba hatukuiona. Kwa miaka zaidi ya arobaini, Mama ndiye aliyekuwa akimpitishia Baba habari zote za dunia.

Baada ya kustaafu walirudi nyumbani Taita, kwenye shamba lenye migomba, mahindi na miti ya parachichi. Mama alifariki miaka minne iliyopita. Tulimzika pale pale, juu kidogo ya nyumba. Tulilia kwa kumpoteza mama. Lakini Baba alikuwa amepoteza mke na masikio siku moja.

Kikao cha kumjadili aliyeketi chumbani

Mwaka jana Baba alianguka kwenye ngazi za jikoni. Hakuvunjika, lakini alilala pale chini karibu saa nzima. Jirani alikuwa amempigia simu mara mbili, hakuisikia. Habari zilitufikia kwenye kundi letu la WhatsApp na hofu ikatuingia sote.

Desemba tukakutana nyumbani kwangu Nairobi. Pendekezo lilikuwa wazi: shamba liuzwe, Baba ahamie mjini, akae kwa kila mtoto miezi michache, na fedha zitunzwe kwa matibabu yake. Kaka yangu mkubwa alikuwa tayari amezungumza na mnunuzi. Hakuna aliyekuwa na tamaa. Kila mmoja alizungumza kwa upendo, tena kwa hesabu zilizopangwa vizuri kwenye karatasi.

Baba alikuwa chumba hicho hicho, kwenye kiti kando ya dirisha. Televisheni ilikuwa inaongea. Watu sita walizungumza kwa wakati mmoja. Aligeuza uso kwa huyu, akageuza kwa yule, kisha akaangalia nje.

Binti yangu wa miaka 13 ndiye aliyeuliza, "Mbona hatumuulizi Babu?"

Akajibiwa, "Babu hasikii, mama. Atachoka bure. Tutamweleza baadaye."

Jibu hilo lilisemwa kwa upole, na ndilo lililonikosesha usingizi. Mtu anayepika akiwa peke yake, anayelipa kodi ya shamba bila kukumbushwa, anayejua bei ya mahindi kuliko sisi sote, alikuwa anahamishwa kama kabati. Sababu haikuwa kwamba akili yake imepungua. Sababu ilikuwa kwamba kumweleza ni kazi.

Nikaomba jambo lisikatwe siku hiyo. Tukakubaliana kukutana tena baada ya Mwaka Mpya.

Chini ya Mount Gelai

Siku mbili baadaye niliwachukua Baba, binti yangu, mwanangu wa miaka 9 na mpwa wangu mmoja tukaenda kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971 na yako karibu na stesheni kuu. Sikuwa na mpango mkubwa. Watoto walikuwa likizo, na Baba alikuwa hajatoka nje kwa siku tano.

Katika uwanja wa makumbusho kuna injini mbili za daraja la 59 zilizosalia. Moja ni namba 5918, Mount Gelai, jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Nyingine ni namba 5930, Mount Shengena, mlima wa Upare, ng'ambo ya pili ukitazama kutoka kwetu Taita. Baba aliweka kiganja kwenye gurudumu la Mount Gelai akakiacha hapo. Kisha akaanza kusema, na hakunyamaza kwa karibu saa nzima.

Aliwaonyesha watoto mahali mchanga unapotoka mbele ya magurudumu. Mvua ikinyesha, akasema, chuma juu ya chuma huteleza kama sabuni. Magurudumu yanazunguka bila kusogea, na dereva asipofunga wenzo wa mvuke haraka yanaweza kuila reli. Ndipo mchanga unamwagwa ili yashike. Aliwaambia pia kuwa mchanga ulikuwa na kazi ya pili: mtia moto aliutupa kidogo ndani ya tanuri, mvuto wa hewa ukaupitisha kwenye mabomba ya boila, ukayasugua masizi yote na kuyatoa juu kwa wingu jeusi. "Mkiona picha ya gari la moshi linatoa moshi mweusi tititi," akasema, "huenda si nguvu hiyo. Huenda mtu anafagia."

Wakacheka. Mwanangu akauliza swali, Baba hakulisikia. Nikataka kulirudia, lakini kabla sijafungua kinywa Baba alimwonyesha mtoto vidole viwili chini ya jicho lake.

"Unajua hii ni nini?" akamuuliza.

Mtoto akatikisa kichwa.

"Hii ni 'tazama kioo cha maji'. Kule juu hatukusikilizana hata kidogo. Dereva wangu alikuwa Singasinga, mtu mkali lakini mwenye haki. Mwaka wa kwanza hatukuwa na lugha moja, na hata tungekuwa nayo isingesaidia. Tulisema kwa mikono."

Akawafundisha. Kiganja kikielekezwa chini na kushushwa polepole maana yake ni punguza moto. Vidole vitatu vikisuguana, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi, maana yake ni mchanga, magurudumu yanataka kuteleza. Ngumi ikigonga kifua mara mbili, nimeelewa. Kiganja kikigeuzwa juu mara moja, sijakupata, rudia.

Nilimtazama mzee ambaye nyumbani hukaa kimya kutwa, akizungumza na watoto watatu kwa kasi kuliko mimi. Hakuna aliyepaza sauti. Binti yangu aliuliza maswali kwa kuonyesha vitu kwa kidole, naye alijibu kwa maneno kamili. Ulimi na akili vya Baba vilikuwa salama miaka yote. Kilichofungwa ni mlango wa kuingilia tu.

Kioo hudanganya mlimani

Jambo moja aliloeleza siku hiyo limebaki nami, nami nitalieleza kama alivyolieleza yeye.

Ndani ya boila, chumba cha moto kimezungukwa na maji pande zote, hata juu ya paa lake. Maji hayo ndiyo yanayolinda chuma. Yakishuka hadi paa likawa wazi, chuma hulainika kwa joto na boila linaweza kupasuka na kuua kila aliye karibu. Kwa hiyo mtia moto ana bomba dogo la kioo mbele yake linaloonyesha kina cha maji, na halitazami mara moja moja. Analitazama kila wakati.

Treni ikiwa inapanda, injini imeinua pua. Maji yote huegemea nyuma, upande wa moto, na kioo kinaonyesha maji mengi. Kijana mgeni hufurahi, akafunga pampu. Halafu treni inafika kileleni, inainamisha pua kuanza kushuka. Maji yanakimbilia mbele. Kioo kilichokuwa kimejaa kinashuka ghafla mbele ya macho yake, na wakati huo huenda amechelewa.

"Kioo hakisemi uongo wa makusudi," Baba akawaambia watoto. "Lakini ukiwa mlimani usikiamini peke yake. Pima maji yatakayobaki ukishafika upande wa pili."

Sikuweza kujizuia kufikiria kikao chetu. Tulikuwa tumempima Baba siku ambayo familia nzima imeinua pua kwa hofu, wiki chache baada ya yeye kuanguka. Hesabu zetu zilionekana kamili. Hatukuwa tumeuliza nini kitabaki hofu ikiisha: mzee asiyesikia, katika nyumba isiyo yake, katika mtaa asioujua, akibadilishwa chumba kila baada ya miezi mitatu.

Kikao cha pili

Januari tulikutana tena. Mara hii televisheni ilizimwa. Baba aliketi mbele, mgongo wake kwa dirisha, ili mwanga uangukie nyuso zetu na si macho yake. Tulizungumza mmoja mmoja. Binti yangu aliketi kulia kwake, pale alipozoea kukaa Mama, akiwa na daftari na kalamu nene. Kila hoja aliiandika kwa maneno machache. Baba akiwa ameelewa aligonga kifua mara mbili. Asipoelewa aligeuza kiganja, na msemaji akarudia kwa maneno mengine.

Ilichukua saa tatu. Kaka yangu alieleza habari za mnunuzi na bei. Dada yangu alieleza hofu ya kuanguka tena. Baba alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja.

"Mkiuza, nani atakayeangalia kaburi la mama yenu?"

Katika karatasi zetu zote, swali hilo halikuwepo. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele, aliinamisha kichwa akakunja karatasi yake.

Baba hakukataa kila kitu. Alikubali kwamba ngazi za jikoni ni hatari, akataka ziwekewe kishikio na sakafu isiyoteleza. Alikubali binamu yetu na mkewe wahamie kwenye chumba cha nje, wakilima sehemu ya shamba kwa faida yao. Alikubali simu inayotetemeka na kuwaka taa, aitie mfukoni muda wote. Alikubali kuja Nairobi miezi ya Juni na Julai, baridi ya milimani inapomsumbua mifupa. Na alikubali, jambo alilolikataa kwa miaka ishirini, kwenda kupimwa masikio. Kuuza shamba alikataa.

Si kwamba sote tumeridhika. Dada yangu bado anaamini kuwa iko siku tutapigiwa simu mbaya, na huenda ana haki. Lakini hatari hiyo sasa Baba anaijua, ameipima mwenyewe, na ameichagua. Kuna tofauti kubwa kati ya mzee aliyeachwa na mzee aliyeamua.

Mambo tuliyojifunza kwa mtaalamu

Mtaalamu wa masikio alitueleza mambo ambayo ningependa kila mwenye mzazi mzee ayajue.

Kwanza, kelele za miaka mingi huua vinyweleo vidogo sana vilivyo ndani kabisa ya sikio, na vikifa haviоti tena. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Kwa hiyo mzee husikia ngurumo ya lori lakini asishike herufi kama "s" na "f", na sauti za wanawake na watoto humponyoka kuliko za wanaume. Akikwambia "nakusikia lakini sikuelewi", anakueleza ukweli wa kitabibu.

Pili, kupiga kelele hakusaidii. Ukipaza sauti maneno hupindika, na uso wako huonekana umekasirika. Msogelee, mtazame uso kwa uso, zungumza polepole kidogo, kwa sauti ya kawaida. Zima redio au televisheni kwanza. Mwambie mada kabla ya habari: "Baba, ni kuhusu mbuzi." Akikosa neno, usilirudie lile lile mara tano. Tafuta jingine.

Tatu, usichelewe. Watafiti wa afya wamekuwa wakieleza kwamba kutosikia kusikotibiwa huendana na upweke, huzuni na hata kupungua kwa kumbukumbu uzeeni. Mzee anayeonekana kuchanganyikiwa huenda anajibu swali ambalo hakulisikia. Kabla hamjasema akili imechoka, pimeni masikio. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba.

Nne, kifaa cha kusikilizia si miwani. Ukivaa miwani unaona hapo hapo. Kifaa cha masikio kinamtaka mtu avumilie wiki kadhaa, kwa sababu ubongo umesahau kuchuja sauti. Wengi hukitia kwenye droo siku ya tatu. Mtu wa kumtia moyo anahitajika kuliko betri.

Na tano, hili ni la kwetu sisi tulio bado kazini na watoto wetu. Ikiwa mahali ulipo unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hizo zinakula masikio yako sasa hivi. Wafua vyuma, wenye mashine za kusaga unga, makondakta wa matatu zenye muziki mkubwa, vijana wanaolala na spika ndogo masikioni: wote wako mahali alipokuwa Baba. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na wa kumwambia. Vizibo vya masikio sasa vinapatikana kwa bei ndogo, na kupunguza sauti ya simu ni bure.

Alipo sasa

Baba alipata kifaa chake mwezi Machi. Wiki mbili za kwanza alikichukia. Alisema kinamletea kelele za sufuria na kunyima maneno ya watu. Wajukuu walimpigia simu za video kila jioni, wakimfanyia ile alama ya kushusha kiganja, yaani apunguze sauti ya kifaa, na vidole viwili chini ya jicho, yaani awatazame midomo. Sasa hukivaa kuanzia chai ya asubuhi hadi saa nane mchana, kisha hukivua apumzike.

Alama za relini zimebaki nyumbani kwetu. Mwanangu huitumia ile ya mchanga anapotaka chumvi mezani, na hakuna anayemsahihisha. Nao watoto wa binamu yetu kule Taita wamezijua zote bila kumwona hata Mount Gelai.

Wiki iliyopita Baba alinipigia simu yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Mama afariki. Nilishtuka nikidhani ameanguka. Kumbe alikuwa na malalamiko. Jogoo wa jirani, alisema, anawika saa kumi na moja alfajiri kwa sauti mbaya sana, na anataka kujua kama ndege huyo amekuwepo pale miaka yote.

Nilimwambia ndiyo, amekuwepo. Akacheka kwa muda mrefu, kisha akaniuliza watoto wamefanyaje mitihani, akangoja jibu.